Mgongo wa Mama Mkubwa: kwa nini daktari alisema tungoje kwanza

Mwezi huu, katika ukurasa wa afya ya familia, nataka tuzungumze juu ya mifupa. Mimi si muganga. Ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la sita hapa kambini. Lakini jambo hili liliingia nyumbani kwetu kwa njia ya simu, likamtoa mama yangu machozi, na nilipolielewa nikaona si la nyumba yetu peke yake.

SIMU YA USIKU

Mama mkubwa, yaani dada ya mama yangu, aliishi nasi hapa kambini miaka mingi. Mwaka 2016 alisafiri pamoja na watoto wake kwenda Marekani, katika jimbo la Kentucky. Wanaomkumbuka wanajua alikuwa mwanamke wa kazi. Kule Fizi alibeba mihogo na makala mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kama mama zetu wengi. Hapa kambini alibeba bidoni ya lita 20 bila kumwita mtoto amsaidie.

Kule Marekani, alipofika miaka 64, miguu ikaanza kumsaliti. Akitembea kidogo tu, mapaja yanawaka moto na nyayo zinakufa ganzi. Akikaa chini, au akiinama juu ya kile kigari cha kusukuma dukani, anapata nafuu. Wakampiga picha. Kumbe pingili ya nne ya kiuno ilikuwa imeteleza mbele, juu ya pingili ya tano, na mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni ilikuwa imebanwa. Alifanya mazoezi, akameza dawa za maumivu kwa miezi mingi, hakupona. Ndipo daktari akasema upasuaji unaweza kumsaidia: kufungua pale palipobana, kisha kuunganisha zile pingili mbili ziwe kitu kimoja. Siku ikapangwa. Na sisi hapa tukaanza kufunga na kuomba.

Usiku mmoja simu ikalia. Alikuwa kaka yangu, mtoto wake wa kwanza. Akasema, "Wamefuta siku. Wamempima mifupa, wanasema mifupa yake ni dhaifu. Eti angoje miezi sita au zaidi, na kwanza ajidunge sindano kila siku."

Mama akalia. Jirani mmoja akasema, "Wamemwona ni mkimbizi, hawataki kupoteza pesa yao." Mwingine akasema, "Ah, ni mzee, wanangoja tu." Na mama mkubwa mwenyewe, tulipompigia kesho yake, akasema hatajidunga sindano yoyote. Kama hawataki kumpasua, basi wamwache na mgongo wake.

Watu wakanigeukia mimi. "Wewe ndiye umesoma, hebu tuelezee." Sasa mimi nilisoma biolojia ya sekondari tu! Nikaenda kumwuliza muuguzi wa kituo cha afya, mara tatu kwa wiki moja, mpaka akacheka akinionea mlangoni. Kaka akanitumia picha za karatasi alizopewa na daktari. Haya ndiyo niliyoyapata.

MFUPA SI JIWE

Wengi tunafikiri mfupa ni kitu kilichokufa, kama jiwe. Hapana. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa sehemu ndogo ya mfupa wa zamani na kujenga mpya. Ni kama nyumba zetu za matofali mabichi: mvua inakula ukuta, na sisi tunakandika upya. Ukikandika haraka kuliko mvua inavyokula, nyumba inasimama. Ukichelewa, ukuta unakuwa mwembamba.

Mtoto na kijana wanajenga zaidi kuliko wanavyobomoa. Ukikaribia miaka 30 hivi, akiba yako ya mifupa imekamilika. Baada ya hapo inaanza kupungua polepole, kwa wanaume na wanawake. Kwa mwanamke inapungua haraka zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa inailinda mifupa, imepungua mwilini.

Ukiukata mfupa wenye afya utaona ndani yake ni kama sega la asali, vitundu vidogo vidogo na kuta imara. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, vitundu vimekuwa vikubwa na kuta zimekuwa nyembamba. Jina lake la kitaalamu ni osteoporosisi. Ubaya wake ni kwamba hauumi. Mtu anakaa nao miaka kumi, hajui. Anajua siku mfupa unapovunjika kwa jambo dogo: kuteleza, kunyanyua bidoni, wengine hata kwa kukohoa.

Ipo mashine ya kupima. Mgonjwa analala, mashine inapita juu yake kwa mionzi kidogo sana, inapima nyonga na kiuno, kisha inalinganisha na mifupa ya kijana mwenye afya. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: alama ya hasi 2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Mama mkubwa alipata hasi 3.1 kwenye nyonga.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo. Mwaka 2013 mama mkubwa aliteleza kwenye tope pale bombani, akaanguka kutoka kimo chake mwenyewe tu, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Sisi tulilaumu tope. Muuguzi aliposikia akatikisa kichwa. Akaniambia hivi: "Mtu mzima akianguka akiwa amesimama tu, na mfupa ukavunjika, usiulize tope peke yake. Uliza na mfupa." Ile ilikuwa barua ya kwanza ya ugonjwa, na sisi hatukuifungua.

CHUMA KINASHIKA, MFUPA NDIO UNAOUNGA

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Mimi nilidhani daktari anaunganisha pingili kwa chuma, basi kazi imekwisha. Sivyo.

Daktari anaingiza skrubu ndani ya kila pingili, upande wa kulia na wa kushoto. Kisha anazifunga skrubu hizo kwa fimbo fupi za chuma ili pingili zisicheze. Halafu anaweka vipande vidogo vya mfupa kati ya pingili au kando yake. Vipande hivyo vinaweza kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, au kwenye mfupa ulioondolewa wakati wa kufungua mishipa, au kwa mtu mwingine aliyetoa. Hivyo vipande ni mbegu. Mwili unajenga mfupa mpya juu yake, mpaka pingili mbili zinakuwa mfupa mmoja. Kazi hiyo huchukua kama miezi 6 hadi 12, wengine zaidi.

Aliyewahi kusaidia mafundi wa ujenzi ataelewa upesi. Wakimimina zege, wanafunga mbao kuzunguka nguzo zishike mpaka zege likauke. Mbao si nguzo. Chuma cha mgongoni ni zile mbao, na mfupa mpya ndio zege. Kama mfupa haukuunga, chuma peke yake kitachoka: kitalegea au kitavunjika.

Upasuaji huu si wa jana. Mwaka 1911, huko New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi ya kuunganisha pingili kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Wakati huo hawakutumia skrubu. Na wagonjwa waliowashughulisha sana walikuwa wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao hata leo tunaufahamu katika nchi zetu.

MIFUPA DHAIFU INAHARIBU NINI?

Nilimwuliza muuguzi: kama chuma ni kizuri na daktari ni hodari, mifupa dhaifu inazuia nini? Tulipanga majibu namna hii.

Kwanza, skrubu hulegea. Skrubu haijishiki yenyewe, inashikwa na mfupa ulioizunguka. Ikiwa ndani ya pingili kuna matundu, skrubu inacheza kila mgonjwa anapoinama au kuinuka, tundu linapanuka, na mwisho inaweza hata kutoka.

Pili, mfupa unachelewa kuunga, au hauungi kabisa. Mwili uliokuwa unashindwa kujenga mfupa wa kila siku utapata wapi nguvu ya kujenga daraja jipya? Mgonjwa anabaki na maumivu, na chuma kinabeba mzigo ambao hakikutengenezwa kuubeba milele.

Tatu, pingili za jirani zinaumia. Sehemu iliyounganishwa imekuwa ngumu, haipindi tena. Basi mzigo wa kupinda unakwenda kwa pingili iliyo juu yake au chini yake. Kama hiyo nayo ni dhaifu, inaweza kupondeka, na mgongo unaanza kuinama mbele upya.

Nne, mara nyingine daktari anaweka kifaa kidogo kati ya pingili mbili ili kutunza nafasi. Kwenye mfupa laini kifaa hicho kinaweza kuzama, kama mguu wa meza kwenye udongo wa masika, na nafasi iliyofunguliwa inafunga tena.

Mwisho wa hayo yote ni mmoja: kurudi mezani kupasuliwa mara ya pili. Na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu matundu ya zamani yameshaharibika na mgonjwa amechoka.

Kwa hiyo daktari wa mama mkubwa hakumdharau. Alikuwa anakataa kufunga skrubu mpya kwenye mti ulioliwa na mchwa.

KUNGOJA NAKO NI TIBA

Je, maana yake mtu wa osteoporosisi asipasuliwe kamwe? Hapana. Wengi wanapasuliwa na wanapata nafuu. Lakini kama hali si ya dharura, ni busara kuimarisha mfupa kwanza.

Mama mkubwa alipimwa damu, akakutwa na upungufu mkubwa wa vitamini D. Vitamini hii ngozi yetu inaitengeneza kwa jua. Kule kuna majira marefu ya baridi, watu wanashinda ndani na nguo nzito, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi ili kutengeneza kiasi kilekile. Akapewa vitamini D na kalisiamu. Halafu ile sindano: dawa yake inaitwa teriparataidi. Mtu anajidunga mwenyewe, chini ya ngozi ya tumbo au paja, mara moja kwa siku. Dawa nyingi za mifupa kazi yake ni kuzuia kubomoa. Hii inaamsha mafundi wa kujenga. Marekani iliruhusiwa kwa osteoporosisi mwaka 2002. Watafiti wa Japani waliwafuatilia wanawake waliokoma hedhi waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili, wakaona wale waliotumia sindano hii waliunga mfupa wengi zaidi kuliko waliotumia vidonge vya kuzuia kubomoa. Lakini si kila mgonjwa anafaa dawa hii. Daktari ndiye anayechagua.

Na wakati wa upasuaji wenyewe daktari anazo mbinu nyingine. Anaweza kutumia skrubu nene zaidi, kushika pingili nyingi zaidi ili mzigo ugawanyike, au kumimina simenti maalumu ya kitabibu kuzunguka skrubu. Simenti hiyo inaganda kwa dakika chache. Nayo ina hatari zake, inaweza kuvuja, kwa hiyo haiwekwi ovyo.

Angalizo moja kubwa: iko hali ambayo haingoji. Mtu mwenye mgongo akianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, akipata ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea haraka, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali siku ileile, hata kama ni usiku.

"HUO MTI NI WEWE"

Nilipomaliza kueleza nyumbani, mama yangu alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nipe simu." Akampigia dada yake. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kitaalamu, hakuyatumia hata moja.

Akamwambia, "Dada, unakumbuka nyumba yetu ya kwanza hapa, ule mlango uliokuwa unaanguka kila wiki?"

"Nakumbuka. Baba watoto alinunua misumari mpaka akachoka."

"Misumari ilikuwa mibovu?"

"Hapana. Ule mti ulikuwa umeliwa na mchwa."

"Basi daktari wako ameona mchwa."

Kimya. Kisha mama mkubwa akacheka, kicheko chake kile cha zamani, akasema, "Basi wanitafutie mti mwingine." Mama akamjibu, "Hakuna mwingine. Huo mti ni wewe. Jidunge sindano."

Akakubali. Alijidunga miezi saba. Alitembea kila siku na mkongojo, dakika chache asubuhi na chache jioni. Kisha akapasuliwa, na akaendelea na sindano hata baada ya kutoka hospitali. Kwa mwaka mzima alipigwa picha mara kwa mara. Picha ya mwisho ilionyesha mfupa mpya umeunga pingili zile mbili na skrubu hazijacheza. Sisemi amekuwa msichana. Bado anaamka na mgongo mgumu wakati wa baridi, na haruhusiwi kunyanyua vitu vizito. Lakini anatembea mpaka kanisani na kurudi, na njiani hakai tena chini kwa ajili ya miguu.

Nawaza: kama angekataa zile sindano, au kama tungempata daktari wa haraka haraka, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

NA SISI HAPA KAMBINI?

Mtu atasema, mwalimu, hayo ni ya Marekani, hapa hatuna mashine wala sindano hizo. Ni kweli, upasuaji wa namna hii si kazi ya kituo cha afya, ni wa hospitali kubwa. Lakini akiba ya mifupa haijengwi hospitali. Inajengwa hapa, kwenye sufuria zetu na kwenye uwanja wa watoto.

Kwa watoto na vijana: waache wakimbie, waruke kamba, wacheze mpira. Mfupa unaotumika ndio unaokua imara. Wape ndagala wazima, na vichwa na mifupa yake, maana kalisiamu iko humohumo. Sombe, mboga za majani na maharage vinasaidia, na maziwa yakipatikana. Ule unga wa uji wa mahindi na soya umeongezewa vitamini na madini. Tafadhali, usiuuze wote kwa ajili ya sukari. Najua chakula ni kidogo, nami napanga foleni ileile. Nasema tu, kile kidogo tukitumie vizuri.

Kwa wanaovuta sigara: moshi unadhoofisha mfupa na unazuia kuunga. Mpasuaji wa mgongo anaweza kukuambia uache kwanza ndipo akupange. Pombe nyingi nayo inadhoofisha mifupa na inaangusha watu.

Kwa dada zetu: jihadharini na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila daktari. Vingine ni deksa, dawa ya jamii ya steroidi. Ikitumiwa muda mrefu inakula mifupa, hata ya msichana. Lakini kama umeshaitumia muda mrefu, usiiache kwa ghafula, inaweza kuleta hatari. Nenda kituo cha afya uwaambie ukweli, wakupangie. Na kama ni daktari aliyekuandikia kwa ugonjwa, usiiache bila yeye.

Kwa wazee: tembeeni kila siku mkiweza, mkiwa juani kidogo. Kuvunjika kunaanza na kuanguka. Kwa hiyo, vijana, tusawazishe njia ya bombani na ya choo, tuweke mawe penye tope, na bibi asiende chooni usiku bila taa. Bidoni ya lita 20 igawanywe katika mbili za lita 10, au kijana abebe.

Nendeni kituo cha afya mkiona: kimo kimepungua, mgongo umeanza kupinda, maumivu makali ya ghafula baada ya kunyanyua kitu, au mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo. Na maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Hicho kina dawa, msingoje. Lakini msiogope kila maumivu. Migongo mingi inayouma haihitaji kisu hata kidogo.

Na kama una ndugu ng'ambo anayengoja upasuaji wa mgongo, mwambie aulize mambo matatu: Je, mifupa yangu imepimwa? Kama ni dhaifu, tutaiimarisha namna gani kabla na baada? Nami nifanye nini mwenyewe ili mfupa uunge? Amwambie daktari pia kila mfupa aliowahi kuvunjika, hata ule wa hapa kambini ambao haumo katika karatasi zake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nani katika familia yetu aliwahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo? Tuliuliza sababu?
2. Nani anabeba maji nyumbani kwetu? Tunaweza kugawana namna gani?
3. Mahali gani karibu na nyumba yetu pangeweza kumwangusha mzee usiku? Nani atapatengeneza wiki hii?

Jumamosi iliyopita wanafunzi wangu wa darasa la sita walileta mawe, tukapanga njia ya pale bombani, palepale mama mkubwa alipoteleza mwaka 2013. Nilimtumia picha. Akanijibu kwa sauti, akasema: "Mwalimu, mmechelewa kwangu, lakini kwa wengine mmewahi." Tukutane mwezi ujao. Amani iwe nyumbani kwenu.